Nani Mwenye Maji? Historia ya Usimamizi wa Huduma za Maji na Usafi Wilayani Walungu, Kivu ya Kusini

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu tatizo la maji vijijini katika nchi zinazoendelea limeelezwa kana kwamba ni tatizo la mabomba na fedha tu. Pakikosekana maji, husemwa kwamba mradi haujafika. Mradi ukifika kisha ukafa, husemwa kwamba wanakijiji hawakuutunza. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaliacha kando swali la msingi: ni nani aliyepewa dhamana ya maji hayo, naye anawajibika kwa nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuatilia historia ya wilaya ya Walungu, iliyoko kusini-magharibi ya mji wa Bukavu, katika jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tangu enzi za ukoloni wa Ubelgiji, mamlaka mbalimbali zilizopita Walungu zilijua namna ya kuwakusanya watu ili wajenge. Kile zilichoshindwa kukitoa ni uwezo wa watumiaji wa maji kumwuliza msimamizi hesabu, na kumwondoa asipojibu. Ujenzi umekuwa na wenyewe kila mara. Matengenezo hayakuwa na mwenyewe.

2.0 Nchi ya Walungu na maji yake

Wilaya ya Walungu imegawanyika katika sheferi mbili, yaani tawala za jadi zinazotambuliwa na serikali: Ngweshe na Kaziba. Wakazi wake walio wengi ni Bashi, wasemao Mashi, na kila sheferi huongozwa na mwami. Isipokuwa sehemu za chini kama Kamanyola, iliyo katika bonde la mto Ruzizi, nchi hii ni ya milima yenye watu wengi. Mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na kiangazi hakizidi miezi mitatu hivi. Kwa hiyo Walungu si nchi kame. Shida ni kwamba watu hujenga na kulima kwenye miteremko, ilhali chemchemi nyingi hutokeza chini, karibu na mabonde na vinamasi. Maji yapo, lakini huwa chini ya nyumba; na wanaoyapandisha mlimani kwa madumu ya lita 20 ni wanawake na watoto.

Umbile hilo la nchi ndilo linaloufanya mradi wa maji ya mserereko uwe njia inayofaa zaidi. Chemchemi iliyo juu hujengewa, maji yakaingizwa kwenye bomba, yakateremka yenyewe hadi kwenye tangi, kisha yakagawanywa katika vituo vya kuchotea vijijini. Mradi wa namna hii hauhitaji mashine wala mafuta. Unachohitaji ni mambo madogo yasiyokwisha: kuzungushia uzio mahali pa chanzo, kuzibua chujio, kubadilisha koki iliyochakaa, na kufukia upya bomba lililofunuliwa na mmomonyoko wa udongo baada ya mvua kubwa. Gharama ya kila jambo ni ndogo, lakini hurudi mwezi hata mwezi. Kinachoamua uhai wa mradi, basi, ni kuwapo kwa mtu anayepaswa kutenda na kwa watu wanaoweza kumdai atende.

Aidha, chemchemi hutoka katika ardhi, na ardhi ya Bushi ina historia ndefu ya umiliki. Kwa desturi, ardhi ilikuwa ya mwami. Aliyeitaka kwa kudumu aliipata kwa kalinzi, mkataba uliofungwa hasa kwa kutoa ng'ombe. Asiye na ng'ombe alilima kwa bwasa, ruhusa ya muda isiyompa haki ya kurithisha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake, na ikaahidi kuwa haki za wanaolima kwa desturi zingefafanuliwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Matokeo yake ni kwamba chemchemi moja inaweza kuwa na wenyewe watatu: Dola kwa sheria, mwami kwa desturi, na mkulima kwa matumizi. Kamati ya maji inapotaka kuzuia kilimo au upandaji wa mikalitusi juu ya chanzo, haijui impelekee nani shauri lake, na mkulima anayeambiwa aache shamba lake hajui nani atamlipa fidia.

3.0 Maji chini ya utawala wa Kibelgiji

Utawala wa Kibelgiji haukuanzisha uongozi mpya katika milima ya Bushi. Uliwachukua viongozi waliokuwapo ukawafanya kuwa watumishi wake. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliziunganisha sheferi katika muundo mmoja, ikazipa hazina na majukumu. Miongoni mwa majukumu hayo zilikuwamo kazi za lazima, zikiwemo za barabara na za usafi. Mwami na wakuu walio chini yake walipaswa kuhakikisha kwamba vijiji vinafagiliwa na vyoo vinachimbwa, na asiyetii aliadhibiwa.

Athari ya mtindo huo ilidumu kuliko vyoo vyenyewe. Usafi uliingia vijijini ukiwa ni amri inayokaguliwa, wala si faida inayoelezwa. Choo kilichimbwa ili mkaguzi akione. Hali kadhalika, mwami ambaye kwa desturi alikuwa na wajibu kwa watu wake, sasa alikuwa na bwana mwingine juu yake. Wajibu ukapinda, ukaelekea juu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianza kuzungumzia ustawi. Mwaka 1947 iliundwa taasisi iliyoitwa Fonds du Bien-Être Indigène, yaani Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, iliyogharimia zahanati, shule na vituo vya maji katika sehemu za mashambani za Kongo. Lakini mipango yake ilibuniwa na wataalamu na maofisa. Mwanakijiji alitakiwa kuipokea. Wakati huohuo maji ya mjini yalikuwa na njia yake. Regideso, shirika la ugawaji wa maji lililoundwa mwaka 1939, lilishughulikia miji na vituo vikubwa. Hapo ndipo ulipoanza mgawanyiko unaoonekana hadi leo: mkazi wa mjini ni mteja mwenye mita na ankara, ilhali mkazi wa kijijini ni mtu wa kusaidiwa. Mteja anaweza kulalamika kwa sababu amelipa. Mtu wa kusaidiwa hushukuru, kisha hungoja.

4.0 Uhuru, Zaire na salongo

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, Kivu haikupata utulivu. Ilipitia uasi wa mwaka 1964, na mwaka 1967 askari wa kukodiwa walioongozwa na Jean Schramme waliukalia mji wa Bukavu kwa miezi kadhaa. Katika miaka hiyo ya dhiki lilizaliwa Comité Anti-Bwaki, lililoanzishwa Bukavu mwaka 1965. Bwaki ni jina la kienyeji la utapiamlo mkali wa watoto, na kupambana nao ndiko kulikokuwa kazi ya kwanza ya shirika hilo. Hata hivyo, mtoto anayeharishwa na maji machafu hawezi kufaidi chakula anachopewa. Haishangazi, basi, kwamba mashirika ya Kivu yaliyoanza na lishe yalifika kwenye maji. Hii ilikuwa njia tofauti na ile ya kikoloni, kwa maana ilianzia kwenye ugonjwa ambao kila mzazi aliujua.

Serikali ya Mobutu nayo ilikuwa na njia yake, nayo ni salongo, kazi ya pamoja iliyotangazwa kuwa wajibu wa kila raia. Kwa salongo watu walitengeneza barabara, walisafisha masoko na walichimba mitaro. Jina lilikuwa jipya na nyimbo za chama zilikuwa mpya, lakini mzee aliyeikumbuka kazi ya lazima ya Wabelgiji hakupata taabu kuitambua. Watu walitoa jasho bila ya kuulizwa kama bomba lipite wapi, na kazi ilipokwisha hawakuachiwa daftari wala ufunguo.

Katika ngazi ya taifa, vyombo viliongezeka. Mwaka 1981 iliundwa kamati ya taifa ya maji na usafi, ijulikanayo kwa kifupi cha Kifaransa kama CNAEA, ili kuratibu kazi za wizara mbalimbali. Mwaka huo ndio ulioanzisha Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira, 1981 hadi 1990. Maji ya vijijini yaliwekwa chini ya idara ya SNHR, iliyokuwa katika wizara ya maendeleo vijijini, huku Regideso ikibaki na miji. Nayo afya iligawanywa katika kanda za afya, kila moja ikiwa na kamati zake za wananchi. Kwa hiyo choo kilikuwa cha wizara ya afya, chemchemi ilikuwa ya maendeleo vijijini, ardhi ilikuwa ya Dola na ya mwami, na bomba lilikuwa la aliyelileta.

Zaire haikuwa peke yake katika taabu hiyo. Tanzania ilitangaza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ifikapo 1991, na maji ya vijijini yalitolewa bila malipo. Mwaka huo ulipofika lengo halikuwa limetimia, na miradi mingi ilikuwa imesimama. Tofauti ni kwamba Tanzania iliendelea kulitafuta jibu katika sheria: sera za 1991 na 2002 zilisisitiza ushiriki wa watumiaji, sheria ya mwaka 2009 ikavitambua vyombo vya watumiaji maji, na ile ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA, wakala unaovisimamia vyombo hivyo vijijini. Si kwamba miradi ya Tanzania haifi. Ila mradi ukifa, pana ofisi inayojulikana ya kupeleka malalamiko.

5.0 Vita na kamati za wafadhili

Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na mwaka uliofuata maduka na viwanda viliporwa katika miji mingi. Kisha mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu. Kipindupindu kilichozuka Goma Julai ya mwaka huo kiliua makumi ya maelfu ya watu katika muda wa majuma machache, na kilionyesha mbele ya ulimwengu kwamba ukosefu wa maji safi na vyoo unaweza kuua kwa kasi ya vita. Vita vya 1996 na 1997, na vile vya 1998 hadi 2003, vikafuata.

Walungu iliumia sana. Katika maeneo yanayopakana na misitu, hasa Kaniola, makundi yenye silaha yaliteka watu, yaliua na kubaka hata baada ya mikataba ya amani. Usiku wa Mei 2007 wanavijiji wa Kaniola waliuawa wakiwa majumbani mwao. Katika hali hiyo umbali wa chemchemi ulipata maana nyingine. Njia ya maji na ya kuni ilikuwa ndiyo njia ambayo mwanamke angeweza kukutana na watu wenye silaha akiwa peke yake. Kusogeza maji karibu na nyumba kulikuwa ni suala la usalama wa mwili wake, si la kupunguza uchovu tu.

Serikali ilipotoweka, misaada ya kibinadamu ilishika nafasi yake. Chemchemi nyingi zilijengewa na mabomba yakalazwa, na bila ya kazi hiyo watu wengi zaidi wangalikufa. Lakini kila shirika lilikuja na kamati yake. Kamati ya maji iliundwa kijiji kilichokwisha kuwa na kamati ya afya, kamati ya shule na kamati ya maendeleo. Mara nyingi wajumbe ni walewale. Taarifa iliandikwa kwa ajili ya mfadhili, na fedha zilipokwisha taarifa zilikoma. Wajibu uliokuwa umeelekea juu, kwa mkaguzi wa Kibelgiji na kwa chama, sasa ulielekea nje.

Juhudi za kurekebisha kasoro hiyo zilifanywa. Kuanzia mwaka 2007, mradi wa Tuungane, uliogharimiwa na Uingereza, uliendeshwa Kivu ya Kusini na katika sehemu nyingine za mashariki. Vijiji viliteuliwa kwa kura. Wananchi walichagua kamati na kuamua wenyewe wajenge nini. Watafiti walipokuja kupima matokeo, vijiji vingine, vya mradi na visivyo vya mradi, vilipewa dola 1,000 kila kimoja ili ionekane zitatumiwaje. Ripoti ya mwaka 2012 ilieleza kwamba wananchi waliufurahia mradi, lakini hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba namna ya kuongozana imebadilika. Fundisho lake ni zito: kamati iliyochaguliwa kwa ajili ya mradi mmoja haiwi chombo cha utawala kwa sababu tu imechaguliwa.

Programu ya Kijiji na Shule Safi, iliyoanza kama Kijiji Safi mwaka 2006 chini ya wizara ya afya pamoja na UNICEF, ilijaribu njia nyingine. Kijiji kilitakiwa kutimiza masharti yanayopimika kuhusu kamati, maji, vyoo, takataka na unawaji wa mikono, ndipo kitangazwe kuwa safi. Ubora wa njia hii ni kwamba iliunganisha maji na choo, vitu ambavyo wizara zilikuwa zimevitenganisha. Udhaifu wake uko baada ya sherehe. Cheti hutolewa siku moja, ilhali shimo la choo hujaa polepole, na koki huharibika mwaka unaofuata.

6.0 Sheria nzuri, mabaraza matupu

Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 48, inadhamini haki ya kupata maji ya kunywa. Kongo ilifanya hivyo miaka minne kabla ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuitambua haki hiyo, Julai 2010. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilizifanya sheferi kuwa vyombo vyenye madaraka yaliyogatuliwa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ikaondoa ukiritimba wa Regideso na kuyapa majimbo na vyombo hivyo jukumu la huduma ya maji.

Kwa Walungu maana yake ni hii: kisheria mwenye dhamana si wilaya, ambayo ni ofisi ya serikali tu, bali ni sheferi za Ngweshe na Kaziba. Sheria inataka kila sheferi iwe na baraza litakaloidhinisha bajeti na kumdhibiti mtendaji. Lakini wajumbe wa mabaraza ya sheferi hawajapata kuchaguliwa. Hata Desemba 2023, uchaguzi wa ngazi ya chini ulifanyika katika baadhi ya komuni za mijini tu. Vilevile kifungu cha 175 cha Katiba, kinachoyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, hakijatekelezwa kikamilifu. Sheferi imepewa mzigo bila ya mfuko, na mfuko mdogo uliopo hauna baraza la kuukagua. Mwami hurithi kiti chake kwa desturi. Baraza ndilo lingekuwa mlango wa wananchi, na mlango huo bado umefungwa.

Juu ya hayo, vita vimerudi. Februari 2025 mji wa Bukavu ulitekwa na kundi la M23, na mapigano yakaenea hadi sehemu za Walungu. Mamlaka zinazobadilika kwa bunduki haziwezi kudaiwa hesabu za maji.

7.0 Lugha ya hesabu

Jambo moja husahauliwa katika mijadala ya utawala, nalo ni lugha. Katiba inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Nyaraka za serikali na mikataba ya wafadhili ni za Kifaransa. Mikutano ya kijiji huwa kwa Mashi na Kiswahili. Mama anayetoa mchango wake wa mwezi katika lugha moja, huku matumizi yakiandikwa katika lugha nyingine, hana njia ya kuhakiki. Atasikia kwamba mambo yako sawa.

Hata msamiati una la kusema. Tangu miaka ya 1990 wafadhili wameeneza neno "utawala bora". Lakini kutawala, katika masikio ya wengi, ni kuwa juu ya watu, na Walungu imetawaliwa vya kutosha. "Usimamizi" unakaribia zaidi, kwa kuwa msimamizi husimama penye kazi. "Uwajibikaji" unakamilisha maana, kwa sababu umejengwa juu ya wajibu, na wajibu hauwi bila ya anayedai. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ingefaa kuongeza kwamba daftari lisilosomeka na wachangiaji halina tofauti na kukosekana kwa daftari.

8.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba wananchi wa Walungu hawakukosa moyo wa kujitolea. Walichimba kwa amri ya mkoloni, kwa salongo na kwa miradi ya wafadhili. Walichonyimwa ni sehemu ya pili ya kazi: kuushika ufunguo, kuzisoma hesabu na kumbadilisha msimamizi. Mambo matatu yanajitokeza kuwa ya lazima. Kwanza, ardhi ya chemchemi iandikiwe makubaliano yanayojulikana na mwami, serikali na mkulima, ikiwa ni pamoja na fidia. Pili, kamati nyingi za kila kijiji ziwe chombo kimoja kinachotambuliwa na sheferi na kukaguliwa na baraza lililochaguliwa, wanawake wakiwa na nafasi ya kuamua kwa kuwa ndio wachotaji. Tatu, hesabu ziandikwe na zisomwe hadharani katika lugha ya wachangiaji.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ufundi mkubwa. Yanahitaji amani, na yanahitaji viongozi walio tayari kuulizwa. Pasipo hayo, mradi ujao utajengwa kwa nguvu zilezile na kwa furaha ileile, kisha mwanamke wa Kaniola au wa Mulamba atateremka tena bondeni na dumu lake, akipita kando ya koki iliyokauka yenye jina la mfadhili.